Maumivu ya Mgongo: Yapi ya Kungojwa, na Yapi Yasiyongojwa



Mara nyingi tumesikia ikisemwa ya kuwa kilimo ndicho uti wa mgongo wa nchi yetu ya Kenya. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini leo napenda tuutazame mgongo mwingine, ule wa mkulima mwenyewe, na wa mkewe achukuaye kuni, na wa mpagazi apakiaye magunia sokoni Nakuru. Maana mgongo huo ukiharibika, shamba halilimwi, ng'ombe hawakamwi, wala karo ya watoto haipatikani. Kusudi langu ni moja tu: kila mmoja wetu apate kutambua maumivu ya mgongo yawezayo kungojwa, na yale yasiyofaa kungojwa hata siku moja.

Kwanza na tujue tulivyoumbwa. Mgongo si mfupa mmoja mfano wa mpini wa jembe, bali ni mifupa mingi midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwenziwe, nayo huitwa pingili. Mtoto huzaliwa akiwa na pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 za kifua zishikazo mbavu, 5 za kiuno, na 9 za chini ambazo mtu akikua huungana zikawa mifupa miwili tu. Baina ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu, kigumu kwa nje na chororo kwa ndani, ambacho kazi yake ni kupunguza kishindo tutembeapo na turukapo. Tena ndani ya pingili hizo umepita mfereji, na katika mfereji huo umelala ugwe wa mgongo, wenye urefu wa sentimita 45 hivi, usioshinda kidole kwa unene. Katika ugwe huo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo ichukuayo amri za ubongo hata miguuni, na kurudisha habari za moto, baridi na maumivu, kama waya wa simu. Basi shikeni neno hili: mfupa uliovunjika huunga, lakini ugwe uliokatika haujapatiwa dawa ya kuuunga hata leo.

Maumivu yaliyo mengi hutokana na misuli na vile visahani. Akina mama wa Njoro na Bahati huchukua kuni na maji kwa mkanda upitao kichwani, ambao Wakikuyu huuita mukwa, na uzito wote huvuta shingo na kulemea kiuno. Vijana wa Molo na Elburgon hupakia viazi. Kanuni za Serikali za mwaka 2019 zilikataza gunia la viazi kupita kilo 50, lakini gunia la mahindi bado huhesabiwa kuwa kilo 90. Mtu akiinama na kuinua mzigo kama huo kwa ghafula, kisahani chaweza kutokeza na kuubana mshipa wa fahamu, ndipo maumivu hushuka toka kiunoni, yakapita takoni, yakafika hata unyayoni. Wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 pasipo kupasuliwa. Zamani wagonjwa hao waliamriwa kulala kitandani siku nyingi. Siku hizi madaktari wametambua ya kuwa kulala sana hudhoofisha misuli, na ni afadhali mtu atembee na kufanya kazi nyepesi kadiri awezavyo. Na anayeinua mzigo na akunje magoti, aukaribishe mzigo kifuani, ainuke kwa nguvu za miguu. Na ulio mzito kupita kiasi na augawe mara mbili.

Lakini yako maumivu ya namna nyingine. Watu wengi hudhani ya kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa kifua tu. Sivyo. Vijidudu vyake, alivyovigundua Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, huweza kusafiri katika damu vikakaa ndani ya pingili, na mgonjwa huenda asikohoe kamwe. Ugonjwa huu ni wa kale. Alama zake zimeonekana katika maiti za Misri zilizohifadhiwa tangu zamani, na mwaka 1779 Percivall Pott, daktari wa London, aliandika habari za wagonjwa waliotoka kigongo kisha wakapooza miguu. Hapa ndipo wengi wetu tupoteapo njia. Mtu huumwa mgongo majuma mengi. Hukandwa, huchanjwa chale, hununua vidonge dukani, na jirani humwambia ni kazi ya jembe. Wakati huo vijidudu vinakula pingili. Mwisho pingili huporomoka, usaha hubana ugwe, na miguu hulegea.

Basi mtu akiumwa mgongo mfululizo usiku na mchana, akapata homa za jioni, akatoka jasho usiku, akakonda, au kikaonekana kigongo, na aende hospitali upesi. Katika hospitali za Serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa ugonjwa wa mgongo humezwa miezi 9 hata 12, wala si vema kuziacha kwa sababu maumivu yamepoa. Hata miguu iliyokwisha kulegea mara nyingi hupata nguvu tena, iwapo mgonjwa hakuchelewa. Kadhalika wafugaji, na wachemshe maziwa kabla ya kuyanywa, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela, ambayo nayo hushambulia pingili.

Neno la mwisho ni la barabarani. Tunaikumbuka ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36. Na ile ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, iliyoua zaidi ya watu 50. Katika ajali wapita njia huja mbio kwa huruma, wakamvuta majeruhi kwa mikono na miguu na kumkunja ndani ya gari. Huruma hiyo yaweza kuukata ugwe uliokuwa mzima. Isipokuwa pana moto au hatari nyingine, majeruhi asiondolewe kwa haraka. Mtu mmoja na akishike kichwa chake kisitikisike, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kisha alazwe juu ya ubao au mlango ulionyoka.

Na yeyote, awe ameanguka au hakuanguka, ambaye miguu yake yapoteza nguvu, au amekufa ganzi mapajani na sehemu za siri, au hawezi tena kuzuia mkojo au choo, huyo asingoje mapambazuko. Wala asione haya kuyasema mambo hayo mbele ya daktari; mficha maradhi kifo humwumbua. Mjulisheni na jirani asiyepata kuyasikia maneno haya.