Nyumba za Jubilii na Miti ya Vilima Vyetu



Katika mwaka huu wa Jubilii mitaa mingi imeazimu kujenga: hapa kanisa, kule nyumba ya mwalimu. Ni kazi njema, nami sitaki kuizuia. Nataka kunena juu ya tanuru la matofali tu.

Wazee wetu walijenga msonge kwa fito na nyasi, na ulipochakaa ulirudi udongoni. Kisha tukajifunza kuchoma matofali, tukapata kuta zisizoliwa na mchwa, na kwa hayo twashukuru. Ila tanuru hulishwa magogo usiku na mchana, wala kuni za kuokota hazilishibishi. Lataka miti mizima.

Sisi wa Ngara twajua jinsi kilima kinavyovuliwa nguo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji. Kila chungu kilitaka kuni. Hatuwalaumu, maana waliikimbia mauti. Lakini wengi wao walirudi kwao Desemba 1996. Moshi wa matanuru ya leo, Ngara na Biharamulo, ni wetu wenyewe.

Basi iko njia nyingine. Udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Matofali hufunikwa nyasi kivulini na kunyunyiziwa maji siku saba au zaidi, ili saruji ishike. Hakuna moto. Tena yako yaliyofanyizwa kufungamana, hata fundi hutumia saruji chache katika kuyaunga. Mtaniambia, “Saruji ni ghali, nayo yatoka mbali.” Ni kweli. Lakini mpigapo hesabu ya tanuru, hesabuni pia magogo, na wachukuzi wake, na matofali yanayotoka mabichi au yaliyopasuka.

Adui wa ukuta huu ni maji. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi, na upenu uwe mpana. Wengine hufupisha upenu ili wapunguze bati. Huko ni kununua ukuta mara mbili! Tena maji ya bati yakingwe kwa mfereji mpaka tangini, watoto wa shule wapate kunywa.

Nanyi Walimu, kazi yenu ya kwanza ni hii. Tieni udongo katika chupa ya kioo hata nusu yake, ongezeni maji, itikiseni, iacheni mpaka kesho. Mchanga hutua chini, ufinyanzi juu yake. Ufinyanzi ukizidi sana, tofali litapasuka. Mchanga ukiwa mtupu, halitashikamana. Udongo wa kichuguu mara nyingi hufaa. Kila mtaa ulete chupa yake kwenye mkutano ujao, pamoja na jina la mahali ulipochimbwa, ili fundi auone kabla hatujakata mti wowote.