Kupuliza Rangi ya Kwanza ya Motokaa Penye Baridi na Ukungu



Barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret huanza kupanda mlima baada ya Salgaa, na kabla ya kufika Mau Summit hupita Sachangwan, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malori na matatu yapitayo hapo ni mengi, na yaliyoumizwa na mteremko ule ni mengi vile vile. Kwa hiyo kazi ya kunyosha bati na kupaka rangi haipungui katika sehemu hizo. Lakini hewa ya huko si hewa ya Nakuru mjini. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba na kila bati huwa na umande, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti jua huenda lisionekane hata saa nne. Fundi aliyejifunza kazi yake mjini, akaipandisha Sachangwan bila kubadili kitu, huona rangi yake ikitoa kasoro ambazo hakuzizoea.

Habari hii yahusu rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima. Wenye magari wengi huidharau kwa sababu mwishowe haionekani, nao hutaka fundi aimalize upesi ili waione rangi yenyewe. Hayo si maarifa. Praima ndiyo ishikayo bati kwa upande mmoja na rangi ya juu kwa upande wa pili. Rangi ya juu haifichi kasoro iliyo chini yake. Huidhihirisha, maana kitu king'aacho huonyesha kila tundu na kila mkwaruzo.

Adui mkubwa ni maji. Bati lililokaa nje usiku huwa na baridi kupita hewa iliyolizunguka, na hewa yenye unyevu ikiligusa huacha maji juu yake, kama vile chupa ya soda iliyotolewa penye barafu hutokwa na jasho. Maji hayo yaweza kuwa membamba hata jicho lisiyatambue, lakini praima ikipulizwa juu yake haishiki vema. Asiye na vipimo na apanguse sehemu moja ya bati kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha atazame saa. Alama ile ikikauka katika dakika 15, kazi yaweza kuanza. Isipokauka, ingojewe. Kwa sababu hiyo wakati ufaao Sachangwan aghalabu ni tangu saa tano hata saa nane mchana, ili praima ipate kukauka kabla ya baridi ya jioni kurudi.

Maji mengine hutoka katika kompresa yenyewe. Hewa ikisongwa hupata joto, na ikipoa ndani ya tangi hudondosha maji, ambayo husafiri katika mpira na kutokea kwenye bomba la kupulizia. Tangi lapasa kufunguliwa chini na kumwagwa maji kila asubuhi, na tena mchana hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kabla ya kutia rangi, fundi aelekeze upepo mtupu juu ya kioo safi kwa muda wa dakika moja. Kikipata matone au ukungu wa mafuta, hayo ndiyo ambayo yangaliingia katika rangi.

Puti nayo hunywa maji kama sponji. Wako wanaoisugua kwa msasa na maji ili kuepuka vumbi, kisha wakapuliza praima siku ile ile. Maji yaliyofungiwa humo hutoka baadaye kwa namna ya malengelenge, na chini yake kutu imekwisha kuanza. Puti isuguliwe kavu, na vitundu vyake vizibwe kwa puti nyingine laini, kwa kuwa praima haivizibi. Huvifunika tu, kisha vikafunguka.

Mafuta hujulikana kwa alama yake: praima hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Kuongeza rangi juu yake hakusaidii. Hutokana na grisi, mikono mitupu, na zaidi dawa za kung'arisha gari zenye silikoni. Bati lisafishwe kwa vitambaa viwili, kimoja chenye dawa ya kuondoa mafuta, na cha pili kikavu kifuatacho nyuma mara moja kabla dawa haijakauka. Wengine hutumia petroli kwa kuwa yapatikana kwa urahisi. Petroli yaweza kuacha utando wa mafuta, na hatari yake yajulikana.

Watu wa Sachangwan hawahitaji kuelezwa habari za mvuke wa petroli. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakusanyika kuteka petroli iliyomwagika, moto ukawaka ghafula, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mvuke wa thina nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hata ukutane na moto. Basi kule kuleta jiko la makaa ndani ya kibanda ili bati lipate joto, jambo ambalo baridi hulishawishi, ni kucheza na mauti. Gari lisukumwe juani.

Kupuliza kwenyewe si kugumu. Bomba likae mbali na bati sentimita 15 hadi 20, mkono uende sambamba, na kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Bomba likiwa mbali mno, praima hufika kavu na kuwa kama mchanga; likiwa karibu mno, hutiririka. Mikono miwili au mitatu myembamba yafaa kuliko mmoja mzito, kila mmoja ukipewa muda ulioandikwa kwenye mkebe, na zaidi kidogo penye baridi. Praima nzito hukauka juu tu, thina ikabaki chini, na itokapo huacha vitundu. Dawa ya kugandisha iliyomo katika praima za kuchanganya hudhuru mapafu. Kitambaa puani hakitoshi, yatakikana barakoa ya kazi hiyo.

Jambo moja husahauliwa sana. Praima ya kawaida ya kijivu hupitisha unyevu. Magari mengi huonekana barabarani yakiwa na kijivu hicho kwa miezi, mwenyewe akitafuta fedha za rangi ya juu, na kila umande unywewao hufika kwenye bati. Afadhali kazi isianzwe mpaka fedha zote ziwepo, au gari likae chini ya paa, pakavu. Likiwa limekwisha kulala nje majuma kadhaa, praima isuguliwe na kuchunguzwa mwangani. Na palipotokea doa jekundu, ikwanguliwe yote hata bati jeupe lionekane.