FUTARI YA TREI MOJA: SOSEJI, WARU NA MBOGA



Ndugu yangu, dada yangu, mada yangu leo ni ya jikoni. Najua wengine mtacheka. Mmezoea kijana aliyetoka madrasa akisimama mbele azungumzie nguzo za swaumu au adabu za kusoma Qur'ani. Mimi nitazungumzia soseji, waru na pilipili hoho. Lakini nifuate mpaka mwisho, maana ndani ya sufuria hii mna haki ya mtu.

Ramadhani ya 2023 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Embu. Sisi vijana wa Kiislamu ni wachache, kwa hivyo tulikuwa tukifuturu pamoja. Mpango wetu ulikuwa hivi: ndugu wanatoa mchango, dada wanapika. Na futari ilikuwa futari kweli! Uji, bhajia, viazi karai, chapati, maharagwe ya nazi, kaimati. Majiko matatu yanawaka kuanzia saa tisa. Tukila, tunanawa mikono, tunakimbilia isha na tarawehe. Nyuma yetu sufuria zimejaa beseni.

Usiku mmoja katika kumi la mwisho, dada mmoja alituuliza swali moja tu: "Ndugu zangu, sisi tumeswali tarawehe ya jamaa siku ngapi mwezi huu?" Hakuna aliyejibu. Tulihesabu kimoyomoyo. Zilikuwa siku nne.

Msomaji wangu, hebu jiulize na wewe. Nyumbani kwenu Meru, Maua, Embu au Runyenjes, ni nani anayekosa tarawehe ili wewe ule bhajia za moto? Ni mama? Ni dada yako? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Basi sisi ni nani hata tuone haya kumenya kiazi?

Tuliamua ndugu tupike siku mbili kwa wiki. Tatizo ni kwamba hatukujua kupika. Ndipo tukajifunza chakula cha trei moja: kila kitu kinakatwa, kinapakwa mafuta na viungo, kinaokwa pamoja, na chombo cha kuosha ni kimoja. Siku ya kwanza hoho ziliungua zikawa nyeusi na waru zikabaki mbichi. Tulifuturu tende na mkate! Nakueleza makosa yetu ili wewe usiyarudie.

KWANZA, SOSEJI YENYEWE

Wengine husema soseji ni chakula cha Wazungu. Si kweli. Waturuki wana sucuk, na watu wa Moroko, Aljeria na Tunisia wana merguez, za nyama ya ng'ombe au kondoo. Soseji haina kosa. Linaloangaliwa ni kilichomo ndani, na ngozi yake pia. Ngozi ya soseji inaweza kuwa imetengenezwa kwa utumbo wa mnyama au kwa kolajeni, na mnyama huyo anaweza kuwa ng'ombe au nguruwe. Kwa hivyo usitosheke na picha ya ng'ombe kwenye pakiti. Geuza pakiti, soma viungo vyote, utafute na muhuri wa halali, kama ule wa Kenya Bureau of Halal Certification. Ile ya kukaangwa barabarani, iliyoshiriki mafuta na kisu na nyama usiyoijua, iache.

Ukikosa ya halali, usihangaike. Nunua nusu kilo ya nyama ya kusaga kwa mchinjaji unayemwamini. Tia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, kitunguu saumu, dania, chumvi na bizari nyembamba. Kanda vizuri, ufinyange mfano wa vidole vinene. Hiyo ndiyo soseji yako, na humo ndani unajua kuna nini.

PILI, VITU VYA KUANDAA (WATU WANNE)

Waru kilo 1, karoti 3, hoho 2, vitunguu vikubwa 2, soseji 8, punje 4 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 3 vya mezani, bizari nyembamba na pilipili manga kijiko kidogo kimoja kimoja, chumvi nusu kijiko kidogo, na ndimu 1. Chumvi usizidishe, maana soseji ya dukani tayari inayo, na chumvi nyingi itakutia kiu kesho mchana.

Sisi watu wa huku tumeneemeshwa. Waru za Kibirichia na Timau ziko karibu. Ukiwa Meru pita soko la Gakoromone, ukiwa Embu pita soko la mjini. Ukipata waru aina ya Shangi, nzuri, zinaiva haraka.

TATU, KUPIKA

Huku tuko karibu na ikweta, magharibi haihami sana mwaka mzima. Mwezi wa Februari na Machi huingia kama saa 12 na dakika 40 hivi. Basi anza kukata saa kumi na nusu, baada ya alasiri.

Kata waru vipande vya ukubwa wa kiberiti, na karoti vyembamba kidogo. Changanya na mafuta, chumvi na viungo. Panga kwenye trei safu moja tu. Usirundike! Mboga zikirundikana zinatoa mvuke, zinachemka badala ya kuokeka. Kama una oveni, weka nyuzi 200 kwa dakika 20.

Sasa ndipo utie soseji zilizokatwa mara mbili, hoho, vitunguu na kitunguu saumu. Geuza, rudisha dakika 20 hadi 25. Hapa ndipo tulipokosea sisi: tulitia vyote pamoja. Kiazi ni kigumu, hoho ni laini, haviwezi kuanza safari saa moja. Soseji ya friza iache iyeyuke kwanza, na kabla ya kupakua kata moja uone ndani imeiva. Kamulia ndimu.

Huna oveni? Wengi wetu hatuna. Chukua sufuria kubwa nzito, weka ndani mawe matatu madogo makavu, juu yake sinia la bati lenye chakula. Funika kwa kifuniko bapa, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko, kama mama zetu wanavyooka keki. Fuata utaratibu ule ule, ila ongeza muda, jumla kama saa moja.

Na hili nakuusia kwa nguvu: jiko la makaa likae nje. Huku kwetu kuna baridi, na mtu hushawishika kuliingiza chumbani na kufunga dirisha ili apate joto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo inaua mtu akiwa usingizini.

MWISHO

Ukipakua, mtengee sahani mwenzako wa chumba hata kama hafungi. Kisha osha trei. Ni moja tu, dakika tano umemaliza.

Ramadhani iliyofuata, siku za zamu yetu, dada walitutangulia msikitini. Yule aliyeuliza swali hakutusifu, wala hatukungoja sifa. Alisema tu kwamba soseji zilikuwa tamu ila waru zilitaka chumvi kidogo.

Basi ndugu yangu, usiifunge makala hii ukasema ni nzuri. Chagua siku moja wiki hii, mwambie mama apumzike, kisha shika kisu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.