Chakula cha Desemba Kifike Aprili

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi na watendaji, wenyeviti wa vijiji na wawakilishi wa vikundi vya kusaidiana wa kata za Uru



Katika nchi nyingine kuna vyombo viitwavyo benki za chakula: ghala hupokea vyakula kutoka kwa wahisani na kuvigawa kwa wenye uhitaji. Kwetu jina hilo halijazoeleka, ila kazi yenyewe tunaijua. Jumuiya ndogondogo zinapokusanya unga na maharage kwa ajili ya mgonjwa, msikiti unapogawa zaka, kikundi cha akina mama kinapompelekea mjane mkungu wa ndizi, hiyo ndiyo akiba ya chakula ya jamii.

Akiba hiyo sasa inaelemewa. Vihamba vimegawanywa kizazi hadi kizazi mpaka vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Vijana wengi wako mijini, na babu na bibi wamebaki wakilea wajukuu. Bei ya mahindi ilipopanda mwaka 2022 na 2023, Serikali ililazimika kuuza mahindi ya akiba kwa bei nafuu kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Masika ya mwaka 2024 yakaleta mafuriko tambarare, huko ambako familia nyingi za mlimani hulima mahindi yao. Aliyechangia mwaka jana huenda mwaka huu akawa ndiye wa kuchangiwa.

Naomba tuitazame kalenda yetu. Mwezi Desemba watoto wetu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na mikono hufunguka. Lakini njaa haiji Desemba. Huja kati ya Machi na Juni, mbegu zikiwa ardhini na mavuno ya tambarare yakisubiriwa hadi Julai au Agosti. Wakati huo wageni wameshaondoka na michango imekauka. Ukarimu tunao, tunachokosa ni njia ya kuufikisha Aprili. Hapo ndipo Halmashauri inapoweza kusaidia, bila kuwanyang'anya wananchi kazi yao.

Jambo la kwanza ni hifadhi. Mwaka 1933 wakulima wa mlima huu waliunda KNCU, na tangu hapo tumezoea kukusanya kahawa kwa pamoja. Kahawa ikishamalizika kukusanywa mwanzoni mwa mwaka, maghala ya vyama vya msingi hubaki na nafasi. Afisa ushirika anaweza kuvikutanisha vyama na vikundi, wakaandikiana makubaliano ya kutumia chumba kimoja hadi Juni. Ndizi haziwekwi ghalani, lakini mahindi na maharage makavu yanakaa.

La pili ni usalama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyochafuka. Msaada usije ukawa sumu. Mahindi yasiingie ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, magunia yakae juu ya vichanja, na yaliyoota ukungu yasipewe mtu wala mfugo. Afisa ugani na afisa afya wa kata ndio wenye ujuzi huo. Wapangiwe siku ya kulikagua ghala, kama wanavyopangiwa kazi nyingine.

La tatu ni orodha. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF umetufundisha kwamba kaya hutambuliwa na wananchi wenyewe katika mkutano wa kijiji. Lakini yuko mzee ambaye hakuwa maskini wakati wa utambuzi, akaugua baadaye. Kamati ya huduma za jamii ya kijiji, ikishirikiana na afisa ustawi wa jamii, iipitie orodha ya msaada kila robo mwaka, na kila gunia linaloingia na kutoka liandikwe kwenye daftari ambalo mwananchi anaweza kulikagua.

Na hapa naizungumzia kazi yangu mwenyewe. Tumezoea kupiga picha mtu akikabidhiwa kilo tano za unga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu, lakini hata kabla ya sheria, mila zetu zinajua kusitiri. Wapo wanaolala na njaa kwa kuogopa kuonekana. Gazeti hili litapiga picha ya ghala na kuandika hesabu ya magunia. Uso wa mpokeaji hautachapishwa.

Ndugu zangu, fedha za Halmashauri zina mipaka, nami sikuja kuahidi nisichokabidhiwa. Lakini chumba, ukaguzi na daftari havihitaji bajeti kubwa. Naomba kila kijiji kiliweke suala hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kabla ya Krismasi kiwe kimeshataja ghala, mtunza ufunguo na mkaguzi. Watoto wetu wakishuka kwenye mabasi, waambiwe mahali pa kuweka gunia moja la Aprili.