Je, Habari Huenea au Huoza?

Leo tufikiri jambo moja: habari, tabia yake ni kuenea au kuoza? Mtu atajibu upesi, "Huenea!" Maana ugomvi uliotokea mnadani asubuhi hujulikana vijiji vyote kabla ya jua kuchwa. Lakini tutazame vema.

Jina la Dodoma latoka katika neno la Kigogo, Idodomya, maana yake "imezama". Ni nini kilichozama? Wako wasemao ni tembo, aliyekwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu akanaswa na matope. Wengine husema Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakasimika mikia matopeni. Wenyewe walipofika wakaambiwa, "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama!"

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na jina likasafiri kwa garimoshi. Mwaka 1973 ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, likasikika duniani kote. Basi neno limeenea, lakini jambo lililolizaa limegawanyika hadithi mbili. Kila kinywa hushika kinachochekesha, na kuangusha kilicho kizito: mwaka, na jina la aliyeona kwa macho yake.

Kwa habari ya mikia, hasara ni ndogo. Lakini iko njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya vita yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua nayo ikakosa. Watu maelfu wakafa. Waliopona walijua majani yapi ya porini huliwa na yapi huua. Habari ya namna hiyo haina kicheko, kwa hiyo haitembei peke yake. Hushuka kaburini pamoja na mwenyewe. Nao watu wazima wa siku zile wamekwisha kufa. Wamesalia waliosimuliwa nao, na hao ni wazee.

Basi, wanafunzi, jioni ya leo mwendeeni bibi na kalamu mkononi. Mwulizeni aliambiwa nini na mama yake. Andikeni maneno yake, jina lake, kijiji na tarehe. Kisha mwulizeni mzee mwingine, mkalinganishe. Mtama uliomwagika hutapakaa wenyewe, wala hauwi shamba. Mbegu ya mwakani ni ile iliyochaguliwa, ikatundikwa juu ya moshi wa jiko.