Programu Yako Usiigawe na Ufunguo Wake

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya darsa la alasiri)



Ndugu zangu vijana, na wazazi ambao watoto wenu wanakesha mbele ya kompyuta, leo sitawachosha.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika programu ya kuweka alama za wanafunzi na karo za shule. Ilinila likizo nzima. Jamaa mmoja akaniomba aijaribu, nami kwa moyo mweupe nikampa folda nzima kwenye flashi. Muhula uliofuata nikaikuta inauzwa kwa jina jingine. Nilikasirika, lakini mlango niliuacha wazi mimi mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa nini? Programu ina sura mbili. Kuna msimbo chanzo, yaani yale maandishi ya mtungaji yanayosomeka na kubadilishwa. Halafu kuna ile iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, tayari kutumiwa. Muuza mahamri hukuuzia mahamri, hakupi na vipimo vyake. Mimi nilitoa vyote.

Basi ukitaka kuwapa wenzio programu yako, ufanye nini?

Kwanza, toa ile iliyogeuzwa, ubaki na msimbo wako. Lakini usilale. Programu ya C ikishageuzwa ni vigumu kuirudisha ilivyokuwa. Ya Java au C# hurudishwa kwa urahisi. Waweza kuvuruga majina ndani yake ili asomaye atatizike, ila hilo humchelewesha mwizi tu, halimzuii. Na JavaScript ya tovuti, kila mgeni aweza kuifungua akaisoma.

Pili, sehemu nyeti iweke kwenye seva yako. Angalia M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Kwenye simu unaona menyu tu. Hesabu zenyewe zinafanyika kwenye mitambo ya kampuni. Mtu hawezi kunakili kisichomfikia.

Tatu, usiandike neno la siri ndani ya programu. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Katika folda ile mlikuwa na neno la siri la hifadhidata, na ndani yake namba za simu za wazazi. Msimbo ulikuwa mali yangu, lakini namba zile zilikuwa amana. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na hata isingekuwapo, amana tutaulizwa.

Nne, andikianeni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu pamoja na kazi za maandishi. Haki ni yako tangu ulipoiandika, na waweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki uwe na ushahidi. Lakini jihadhari: mtu akikuagiza umtengenezee, au akiwa amekuajiri, sheria hiyohiyo huhesabu kwamba haki imehamia kwake, isipokuwa mmeafikiana vingine. Sisi tunamalizana kwa mdomo, eti "sisi ni ndugu". Tuliosoma madrasa twajua aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, imekuja kuamrisha deni liandikwe. Undugu haukatazi kalamu.

Sisemi uwe bahili. Msimbo wa Linux, iliyoanza mwaka 1991, uko wazi kwa ulimwengu mzima, na faida yake ni kubwa. Lakini hata huko kuna leseni, GPL, yenye sharti: ukiibadilisha ukaigawa, nawe utoe msimbo wako. Ukipenda kutoa, toa. Ila utoe kwa kujua, si kwa kughafilika kama mimi.

Nawe unayepewa flashi ya mwenzio, kumbuka likizo aliyoikosa. Kunakili ni dakika moja. Kabla hujafuta jina lake ukaandika lako, muulize kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.