Mirija Iko Wazi, Mimba Haishiki

Mazungumzo na wakazi katika baraza la afya



Yuko mama aliyeolewa miaka mitatu na hajashika mimba. Amepigwa eksirei ya mirija ikiwa imetiwa dawa, akaambiwa mirija iko wazi. Nyumbani mavyaa haelewi: kama njia ni wazi, mtoto yuko wapi? Kina mama wa namna hiyo wapo wengi, na baadhi yao wana endometriosisi isiyo kali.

Ugonjwa huu ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Madaktari huugawa katika hatua 4, na isiyo kali ni ya 2. Maumivu lakini hayafuati hatua. Mwenye vidoa vichache anaweza kulazwa kitandani kila mwezi.

Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hivi. Mwisho wake una vinyuzi kama vidole, vinavyodaka yai likitoka kwenye ovari. Vidole hivyo vikigandana, au mdomo wa mrija ukisinyaa, dawa ya eksirei huenda ikapenya bado, ila yai halidakwi. Kasoro ndogo kama hizo huonekana kwa kamera inayoingizwa kupitia tundu dogo tumboni, na papo hapo daktari anaweza kuondoa vidoa na kuachanisha palipogandana.

Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa 1997 ulifuatilia kwa wiki 36 wanawake 341 wenye ugonjwa wa hatua mbili za mwanzo. Kati ya 172 walioondolewa vidoa, 50 walipata mimba iliyovuka wiki 20. Kati ya 169 waliotazamwa tu kwa kamera, 29. Nafuu ipo, ingawa wengi katika makundi yote mawili walikuwa bado wanasubiri.

Kabla ya kisu, mume apimwe mbegu. Kipimo hicho hakiachi kovu, na bado kuna waume wanaokikwepa huku mke akizungushwa hospitali. Aliye chini ya miaka 35 aende kliniki baada ya mwaka mmoja wa kutafuta mtoto. Aliyefika 35, baada ya miezi 6. Aandike tarehe za hedhi na siku za maumivu, abebe picha zote za zamani, na waende wote wawili.